Hema Halina Hesabu: Kambi za Kiturathi Jirani na Nyumba za Wazee Wetu

Msimu wa baridi ukiingia Oman, kuanzia Oktoba mpaka Machi, jamaa zetu wa Muscat, Dubai na London hupanga safari ya kwenda kulala jangwani. Mahali panapopendwa sana ni Mchanga wa Sharqiya, ule ambao ramani za zamani ziliuita Mchanga wa Wahiba, wenye eneo la kiasi cha kilomita za mraba 12,500, na ambao ncha yake ya kaskazini inagusa mitende ya Bidiya. Huko zimejengwa kambi nyingi za mahema ya mtindo wa kale: paa jeusi la nywele za mbuzi, mazulia mekundu chini, mito ya kuegemea, dele la kahawa, taa za chemli na moto wa kuni nje. Kambi hizi huahidi familia jambo moja, nalo ni turathi. Wajukuu hupanda ngamia, hupigwa picha wamevaa kilemba, hulala usiku mmoja au mbili, kisha hurudi mjini.

Tumezoea kuhakiki vitabu, maonyesho na makumbusho. Tunaona umefika wakati wa kuzipima kambi hizi kwa mizani ile ile, kwa sababu kwa wajukuu wengi wa familia zetu hema hilo ni somo la kwanza la historia ya Oman, na kwa baadhi yao huwa ndilo la mwisho. Hatutaitaja kambi yoyote kwa jina. Tunachokihakiki ni mtindo wenyewe, ambao umekuwa mmoja kila mahali.

Tuanze na haki yake. Kambi inakusanya watu. Bibi aliyezaliwa Unguja, mwanawe aliyekulia Muscat na mjukuu anayesoma Uingereza hukaa kwenye zulia moja kwa saa nyingi bila televisheni. Mtoto huona nyota kwa wingi ambao hajawahi kuuona. Hula tende kwa mkono na kujifunza kutikisa kikombe anapotosheka na kahawa. Haya si madogo. Familia iliyotawanyika nchi tatu au nne inahitaji mahali pa kukutana pasipokuwa matangani, na hatuna nia ya kuwavunja moyo wanaokwenda. Lakini neno turathi limetumika, na mwenye kulitumia neno hilo huwa ametoa madai ya kihistoria. Madai ya kihistoria hupimwa.

Swali la kwanza: hema hili ni la nani? Hema jeusi la nywele za mbuzi, ambalo Waarabu huliita bayt al-sha'r, yaani nyumba ya nywele, ni kazi ya ustadi mkubwa. Wanawake husokota nywele, huzifuma kwenye mtande uliolazwa chini, hupata vitambaa virefu vyembamba, kisha huvishona ubavu kwa ubavu mpaka liwe paa. Kukiwa na jua kali, mfumo wake hulegea na kupitisha hewa. Mvua ikinyesha, nyuzi huvimba na matundu huziba. Ndani hugawanywa kwa pazia, upande mmoja wa wageni na upande mwingine wa jamaa. Haya yote ni kweli, na msimamizi wa kambi huyaeleza vizuri.

Asichokieleza ni kwamba hema hilo ni la Najd, Sham na majangwa ya kaskazini. Mabedui wa Sharqiya kwa desturi hawakuishi hivyo. Walijikinga chini ya miti ya ghafu kwa kuziba upepo kwa matawi, mikeka na mazulia, na walijenga vibanda vya makuti ya mtende. Kiangazi walihamia Bidiya kwa mavuno ya tende, wakakaa ndani ya vibanda hivyo kando ya mashamba. Wilfred Thesiger, aliyesafiri na Mabedui wa kusini mwa Arabuni baina ya 1945 na 1950, na kuchapisha kitabu chake Arabian Sands mwaka 1959, anaeleza watu ambao mara nyingi walilala mchangani bila hema la aina yoyote. Ufumaji wa Mabedui wa Oman upo, na ni mzuri, lakini umaarufu wake ni matandiko na mapambo ya ngamia, yenye rangi nyekundu na nyeusi, zaidi kuliko paa la kulalia.

Basi hema jeusi limefikaje Bidiya? Limekuja kwa njia ya televisheni na utalii. Wasomaji wa umri wetu wanaikumbuka michezo ya Kibedui iliyotengenezwa Jordan na kuonyeshwa Ghuba nzima: shekhe, hema, kahawa, kisasi, binti anayependa. Picha hiyo ilitosha kuwa picha ya Uarabu wote. Mtalii wa Ulaya aliitaka, na mwenye kambi akampa. Biashara haina lawama kwa kuuza kinachonunuliwa. Lakini Bedui wa Sharqiya, ambaye ni mwenyeji wa mchanga huo, amevishwa nguo ya jirani yake, na kibanda chake halisi cha makuti hakina nafasi kambini isipokuwa kama banda la jikoni.

Swali la pili linatuhusu zaidi: hema hili ni letu? Wazee wetu wengi waliokwenda Afrika ya Mashariki walikuwa watu wa miji ya Sharqiya na ya ndani ya Oman: Ibra, Mudhairib, Bidiya, Samail, Nizwa. Walikuwa watu wa mtende, falaji na nyumba ya udongo. Waarabu wenyewe hutenganisha badu na hadhar, yaani watu wa kuhamahama na watu wa makao, na mzee wa Ibra angeshangaa kuambiwa kwamba wajukuu wake wanakumbushwa asili yao kwa kulazwa hemani. Alimjua Bedui, alifanya naye biashara, alikodi ngamia wake kushukia Sur kungojea kaskazi. Lakini yeye mwenyewe alilala chini ya dari.

Ukitaka ushahidi wa haraka, sikiliza Kiswahili chetu. Chumba cha kupokea wageni tunakiita sebule, na neno hilo ni ndugu wa sabla, ukumbi ambao watu wa mtaa mmoja Oman hukutania kwa harusi, msiba na shauri. Saruji tunayojengea leo imechukua jina la saruj, chokaa ya udongo uliochomwa ambayo mafundi wa Oman waliitumia kwenye mifereji ya falaji, mabirika na ngome. Hayo ni maneno ya nyumba na ya maji.

Hema nalo limetuachia neno moja, na tunalitaja kwa furaha kwa sababu kambi hazilitaji. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa karne ya 8 ambaye asili yake ni Azd wa Oman na aliyeishi Basra, ndiye aliyeweka elimu ya mizani ya ushairi wa Kiarabu. Istilahi za elimu hiyo ni za hema: mstari mzima huitwa bayt, nyumba; vipande vyake vya sauti huitwa sabab, kamba, na watid, kigingi. Bayt hiyo ilivuka bahari, ikawa ubeti wa Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa Lamu au Unguja anayehesabu mizani za ubeti anashika kamba za hema bila kujua. Kama kambi ingetaka kufundisha turathi ya hema kwa familia zenye Kiswahili, ingewaweka watoto wakatunga beti usiku badala ya kuwafukuzisha magari juu ya vilima vya mchanga.

Sasa tutazame jirani. Kutoka kambi za Bidiya mpaka Mudhairib ni mwendo wa kama nusu saa kwa gari. Mpaka Ibra ni chini ya saa moja. Barabara kuu inayotoka Muscat inapita karibu na miji hiyo yote miwili, na wageni wa kambi huipita wakienda na wakirudi. Mudhairib ina minara ya ulinzi juu ya vilima, sabla za koo mbalimbali, falaji na majumba marefu yenye milango ya kuchongwa. Ibra, yenye sehemu mbili, Alaya na Sufala, ina mtaa wa kale wenye nyumba kubwa za wafanyabiashara, zenye matao na mashubaka, nyingi zikiwa magofu. Majina ya koo za huko, al-Harthy, al-Maskery, al-Barwani, hayahitaji kuelezwa kwa msomaji yeyote aliyewahi kukaa Unguja, Pemba, Mombasa au Tabora.

Nyumba hizi hazikujengwa kwa tende peke yake. Tende zilikuwa na soko: aina ya mabsali, ambayo ni mazao maarufu ya Sharqiya, huchemshwa na kukaushwa, na kwa muda mrefu imepelekwa India. Lakini utajiri uliopandisha kuta zile juu, hasa tangu Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki 1856, aifanye Unguja makao yake, ulitoka ng'ambo: karafuu, pembe za ndovu, mikopo, nguo, na biashara ya watu. Kuta za Ibra na za Mji Mkongwe ni kurasa mbili za daftari moja la hesabu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha uhakiki wetu. Kwa nini familia zetu huvutiwa na hema lisilo lao na kuipita nyumba iliyo yao? Sababu za wazi zipo: hema lina kitanda na choo safi, nyumba ina popo na dari linaloanguka. Lakini iko sababu nyingine. Hema halina hesabu. Bedui wa kwenye picha hana deni, hana shamba, hana mtumwa, hana mahakama. Ni mkarimu na huru, basi. Ukilala kwake hutaulizwa kitu. Nyumba ya Mudhairib inauliza. Pesa zilitoka wapi? Nani alibeba mawe? Waliokuwa wakilima mitende hii walikuwa nani, na wajukuu wao wako wapi?

Majibu tunayajua. Karafuu za Unguja na Pemba zililimwa na kuchumwa na watumwa kwa miongo mingi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, wakati wa Sayyid Barghash. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja 1897. Na Oman ilingoja mpaka 1970. Huku Oman na Ghuba nako, watu waliochukuliwa Afrika ya Mashariki walilima mitende na kuzamia lulu. Mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake Slaves of One Master cha 2015, ameonyesha jinsi hamu ya walaji wa Marekani kwa tende za Oman ilivyoongeza mahitaji ya kazi yao. Vizazi vya watu hao ni Waomani kama sisi. Wanakaa katika miji ile ile, wanasali misikiti ile ile, na wengine wanayo maneno ya Kiswahili kwenye ngoma zao kabla hatujarudi sisi na Kiswahili chetu.

Tunajua kwamba jambo hili ni zito kwa wasomaji wetu, na tunajua kwa nini. Mwaka 1964 familia zetu zilipoteza watu, mashamba na nyumba. Waliookoka walitawanyika, na wengi walipata makao Oman baada ya 1970. Mengi yameandikwa kuhusu maumivu hayo na mengi bado hayajaandikwa. Aliyedhulumiwa hapendi kuulizwa aliyemdhulumu yeye, au babu yake, ni nani. Lakini historia isiyokubali ila safu moja ya daftari si historia, na wajukuu wanaosoma vyuo vya Ulaya watakutana na ile safu ya pili kwa watu wengine, bila upendo na bila maelezo. Ni bora waikute kwetu, ndani ya nyumba yenyewe, kutoka kwa mtu anayewapenda.

Wapo watakaotujibu kwamba turathi ni kitu kinachokwenda na wakati, na kwamba hema la kaskazini likikaa Sharqiya miaka hamsini litakuwa la Sharqiya. Hatulikatai hilo kabisa. Kanzu, biriani na taarabu zote zina safari zao. Lakini vitu hivyo vilipokewa na watu wakaviishi. Viliingia harusini, vikaingia jikoni, vikaharibika na kutengenezwa. Hema la kambi haliishi mtu. Linafungwa kiangazi kinapokuja na kufunguliwa mgeni anapolipa. Muda peke yake haugeuzi pambo kuwa mila.

Wengine watasema kwamba watoto hawapendi magofu. Hilo nalo hatulioni kuwa kweli. Mtoto anapenda mahali penye siri na penye jina lake. Mpeleke kwenye falaji umwonyeshe kwamba maji yaligawanywa kwa zamu, na kipimo chake kiliitwa athar, kiasi cha nusu saa, kikahesabiwa mchana kwa kivuli na usiku kwa nyota. Oman ina falaji zaidi ya 3,000 zinazotumika, na tano kati yake ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Zile nyota ambazo kambi inaziuza kama mandhari, babu yake alizisoma kama saa ya maji. Mtoto akielezwa hivyo, usiku wa jangwani unapata maana ambayo ngamia wa kukodi hawezi kuitoa.

Na kwamba nyumba za udongo haziwezi kufufuliwa, hilo limekwisha jibiwa na wenyeji wengine. Kijiji cha Misfat al-Abriyeen, juu ya Al Hamra, kimegeuza baadhi ya nyumba zake za kale kuwa mahali pa wageni kulala, na mwaka 2021 kilitambuliwa na shirika la utalii la Umoja wa Mataifa miongoni mwa vijiji bora vya utalii. Nizwa, wenyeji wa mtaa wa al-Aqr wamefufua nyumba kwa kushirikiana. Al Hamra, katika Bait al-Safah, wageni huona mikate ikipikwa na mafuta yakikamuliwa ndani ya nyumba iliyokaliwa kweli. Katika mifano hii hakuna aliyelazimika kukopa hema la mtu. Kilichohitajika ni warithi kukubaliana.

Hapo ndipo penye ugumu wa Sharqiya, na hapo ndipo familia za ng'ambo zinapohusika moja kwa moja. Nyumba moja huwa na warithi arubaini: kumi Muscat, sita Dubai, wanane Uingereza, wengine Unguja na Mombasa. Kila mmoja ana sehemu ndogo mno kuitengeneza, na kubwa kiasi cha kumzuia mwenzake kuitengeneza. Mvua kubwa ikija, kona moja hushuka. Hakuna aliyeamua nyumba ianguke, na inaanguka. Gharama za wikiendi moja ya ukoo mzima kambini, zikichangwa kila mwaka, zingetosha kuanza kuziba mapaa kabla ya mvua.

Hukumu yetu basi ni hii. Kama mapumziko, kambi za mahema zinafaa. Kama turathi ya Mabedui wa Sharqiya, zinapotosha, na zingeweza kusahihishwa kwa gharama ndogo: jengeni kibanda cha makuti, kiteni mti wa ghafu, na mwacheni Bedui aeleze maisha yake mwenyewe. Kama turathi ya familia zilizokwenda Afrika na kurudi, hazina la kufundisha, na zina madhara, kwa sababu zinatupa zamani isiyotudai kitu huku ile inayotudai ikibomoka kando ya barabara.

Kwa wale watakaokwenda msimu huu tunapendekeza utaratibu mwepesi. Safiri mapema ili asubuhi nzima iwe ya Ibra. Ikiwa ni Jumatano, kina mama waende soko la wanawake, ambalo ni maarufu Oman nzima. Adhuhuri shukeni Mudhairib mkatazame falaji na sabla. Ulizeni mzee gani ana funguo za nyumba ya ukoo wenu, mwamkieni, na mumwombe afungue pale panapoingilika kwa usalama. Watoto waandike majina ya waliozaliwa humo, waliosafiri, waliotumikishwa humo ikiwa majina yao yanajulikana, na waliorudi. Pigeni picha za dari, milango na maandishi ya ukutani kabla hayajapotea, na pelekeni nakala kwa jamaa wote wenye sehemu. Kisha nendeni mkalale hemani, mkijua kwamba ni hema tu. Na kabla ya kurudi mjini, waliohudhuria wakubaliane tarehe ya kikao cha warithi.